Nunua Kimoja, Onjeni Wote: Namna ya Kuitoa Familia kwa Vyakula vya Mitaani na Vitamutamu

Familia nyingi zinapotoka kwenda kula vyakula vya mitaani huharibikiwa na jambo moja, nalo hutokea katika dakika 10 za mwanzo. Hufika zikiwa na njaa, kila mtu hukimbilia kibanda kilichomvutia, kila mtu huagiza sahani nzima, na kabla ya nusu ya matembezi watoto wameshashiba, pesa imepungua, na kile kilichosifiwa kuliko vyote, ambacho kilikuwa mwisho wa barabara, hakuna tena mwenye nafasi nacho tumboni. Nimeiongoza familia yangu katika matembezi ya namna hii kwa miaka mingi, mwanzoni kwa makosa hayo hayo, na kanuni iliyotufaa kuliko zote ni fupi: nunua kimoja, onjeni wote, kisha ndipo muamue kama mnaongeza au mnasonga mbele. Karibu maelekezo yote yanayofuata yanatokana na kanuni hiyo.

Kanuni yenyewe ina sababu yake mwilini. Chakula kile kile hupungua utamu kadiri tunavyoendelea kukila: tonge la kwanza humsisimua mlaji, la tano huwa la kawaida, na la kumi huliwa kwa sababu tu sahani haijaisha. Hamu inayopungua, kama watafiti wa ulaji walivyokwisha kuonyesha, ni ya chakula kilicholiwa, ilhali hamu ya ladha nyingine hubaki karibu kama ilivyokuwa, na ndiyo maana mtu aliyeapa kwamba ameshiba hujikuta ana nafasi pale kitindamlo kinapoletwa. Tena shibe haifiki papo hapo, kwani huchukua kama dakika 20 tangu kuanza kula hadi mtu aihisi sawasawa. Basi familia ya watu 6 inayogawana sahani 1 ya kila kitu hupata matonge mengi ya kwanza, ambayo ndiyo matamu, na ule mwendo wa kutoka kibanda hadi kibanda huwapa matumbo muda wa kusema neno lao.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chagua saa kabla ya kuchagua mahali. Wauzaji wa vyakula vya mitaani wana saa ya kuwasha moto, saa ambayo watu hujaa, na saa ya kumalizia mabaki. Wakati unaoifaa familia yenye watoto ni ule ambao moto umeshakolea lakini umati bado haujafurika, kwa kuwa chakula ni cha sasa hivi, muuzaji bado ana subira ya kujibu maswali, na mtoto anaweza kusimama akatazama kazi ya mpishi bila kusukumwa. Saa ya mabaki iacheni iwapite, hata kama bei zimeshushwa. Ikiwa mna mtoto anayelala mapema, safari ipangwe kwa saa yake yeye, kwa sababu mtoto mwenye usingizi haonji kitu na wala hawaachi wengine waonje.

Msitoke na njaa kali. Ushauri huu jamaa zangu waliupinga kwa muda mrefu, wakidai kwamba anayekwenda kula hana haja ya kula kwanza. Hata hivyo, mwenye njaa kali hachagui. Hununua cha kwanza anachokiona, na hununua kingi. Kila mtoto apewe kitu chepesi kiasi cha muda wa saa 1 na nusu kabla ya kuondoka, ili afike akiwa na hamu bila kuwa na hasira.

Njia nayo ijulikane mapema. Ikiwezekana, mtu mzima mmoja apite peke yake siku moja kabla, aone vibanda vilipo, choo kilipo, bomba la maji lilipo na mahali ambapo wazee wanaweza kukaa. Vibanda 5 au 6 vinatosha kwa matembezi ya saa 2 au 3. Kuhusu kuulizia vibanda vizuri, nimejifunza kwamba namna ya kuuliza ina uzito wake: ukimuuliza mpita njia chakula kizuri kiko wapi, atakuelekeza penye taa nyingi, lakini ukimuuliza yeye mwenyewe jana alikula wapi, atakutajia mahali anapopaamini kwa pesa yake. Waulizeni hasa wanaofanya kazi jirani na hapo, kwa kuwa wao hula huko kila siku, na mtu hali kila siku mahali panapomuumiza tumbo.

Kiasi cha pesa kikubaliwe nyumbani, kiwekwe katika pochi moja, na kivunjwe kuwa noti na sarafu ndogo ndogo, maana muuzaji anayetafuta chenji ya noti kubwa huacha chakula cha mwenzako kikiungua. Kisha kila mtoto apewe haki ya kuchagua kitu kimoja kwa niaba ya familia nzima. Hili ni tofauti na kumwambia achague chake mwenyewe. Mtoto anayejua kwamba bibi na kaka zake watakula alichokichagua hutazama kwa makini na huuliza maswali, tena hutetea uamuzi wake kwa ufasaha ambao huusikii nyumbani.

Katika mfuko mbebe maji safi ya kunywa, kijiko cha kila mtu na vichache vya ziada, kisu kidogo chenye ala, chombo kitupu chenye mfuniko, vitambaa au tishu zenye unyevu, mfuko wa takataka, pakiti mbili za chumvi ya kurudisha maji mwilini, yaani ORS, na dawa za yeyote mwenye maradhi ya kudumu.

Kukisoma kibanda

Simameni dakika 3 kabla ya kununua. Mimi huona dakika hizo zina thamani kuliko sifa zozote mlizozisikia, kwa sababu tofauti na jiko la hoteli lililofichwa nyuma ya ukuta, jiko la mtaani liko wazi mbele yenu. Shirika la Afya Duniani, WHO, hufundisha usalama wa chakula kwa mambo matano: usafi, kutenganisha kibichi na kilichopikwa, kupika hadi kuiva kabisa, kukiweka chakula katika joto linalofaa, na kutumia maji na malighafi salama. Mengi katika hayo huonekana kwa macho na mtu aliyesimama kando ya kibanda, ilimradi ajue pa kutazama.

Anza na joto. Vijidudu vya maradhi huzaliana upesi katika chakula kilicho baina ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi, kwa hiyo cha moto kiwe cha moto kweli na cha baridi kiwe cha baridi kweli. Cha vuguvugu ndicho cha kuogopa. Kilichopikwa kisikae katika uvuguvugu huo zaidi ya saa 2, na hali ya hewa ikizidi nyuzijoto 32, wataalamu hushauri isizidi saa 1. Huna kipimajoto mfukoni, lakini una macho: mvuke unaopanda, moto ulio chini ya sufuria, mfuniko unaorudishwa kila baada ya kupakua. Na hapa ndipo foleni inapopata maana yake. Foleni inayosonga huonyesha kwamba chakula hakikai mezani, kwamba kinachotoka motoni kinaingia mkononi mwa mnunuzi. Ila tazameni kama ni foleni ya kusubiri kinachopikwa, kwa sababu pengine watu wamejipanga mbele ya rundo lililokaangwa mapema na kupoa, na rundo hilo halibadiliki kwa wingi wa watu waliolizunguka.

Vitu vya kukaanga vinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Mpishi mzoefu wa vitu vya unga hukata kipande kidogo, hukidondosha ukingoni mwa karai na kusubiri. Kikizama kikakaa chini bila mapovu, mafuta bado. Kikiibuka upesi huku kimezungukwa na mapovu madogo madogo yanayohangaika, mafuta yako tayari, kwa kawaida baina ya nyuzijoto 170 na 190. Mapovu yale ni maji yaliyomo ndani ya unga yanayogeuka mvuke na kutoka kwa nguvu, na maadamu mvuke unasukuma kwenda nje, mafuta hayapati nafasi kubwa ya kuingia. Katika mafuta yasiyokolea moto msukumo huo ni dhaifu, kwa hiyo unga hunywa mafuta, hutoka mzito, na huacha doa pana kwenye karatasi. Sikilizeni vilevile, kwa kuwa mlio wa karai hufifia kadiri maji yanavyopungua, na wako wapishi wanaogeuza na kuopoa kwa kusikia zaidi kuliko kutazama. Watoto wangu hufumba macho na kushindana kukisia lini chujio litaingia karaini. Wafanye hivyo wakiwa hatua kadhaa nyuma, na mtu mzima awe baina yao na mafuta, kwa sababu karai la mtaani mara nyingi huwa katika kimo cha uso wa mtoto.

Mafuta yaliyochoka hujitangaza yenyewe. Huwa meusi, hufuka moshi kabla ya kazi kuanza, povu lake hutanda juu bila kupasuka, na harufu yake hukwama kooni. Mkiyaona hayo, songeni mbele.

Kwa vitu vya kuchoma, tazameni koleo. Koleo lililogusa nyama mbichi likatumika lile lile kupakua iliyoiva hurudisha kwenye sahani kile ambacho moto ulikuwa umekwisha kukiua. Nyama ya kuku na nyama ya kusaga ziive hadi ndani kabisa, kwa kuwa joto la nyuzijoto 70 katikati ya kipande ndilo WHO inalolitaja kuwa la salama, na rangi ya nje peke yake haitoshi. Msione haya kumwomba muuzaji akikate kipande kimoja mbele yenu. Wali na vyakula vya jamii yake vina hila ya kipekee: bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zinazovumilia mapishi, na wali ukikaa katika uvuguvugu mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Kwa hiyo wali uliopashwa ukatoa mvuke si lazima uwe salama, na ni heri kununua uliopikwa karibuni.

Mikono nayo itazamwe. Mahali pazuri huwa na mtu wa kupokea pesa na mtu wa kugusa chakula, au angalau muuzaji mmoja anayetumia koleo, kijiko au karatasi kushika chakula. Barafu ichunguzwe kama maji yanavyochunguzwa, kwa sababu kugandisha hakuui vijidudu vingi, na barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu ni maji machafu yaliyoganda. Matunda yaliyokatwa zamani yakaachwa wazi yasiwashawishi. Chagueni tunda zima, lioshwe na likatwe mkiwa mnaona.

Kama moyo umesita, ondokeni bila maelezo marefu. Vibanda ni vingi, na hakuna ladha inayostahili siku 3 za kuumwa.

Kugawana mezani pasipo na meza

Mwambieni muuzaji tangu mwanzo kwamba mnanunua sahani moja ya kuonja wote, na kwamba mkiipenda mtaongeza. Wauzaji wengi hulipokea jambo hilo vizuri, na baadhi hukata vipande sawa bila kuombwa. Kinachowaudhi ni familia inayojaza benchi zima kwa sahani moja wakati wa msongamano, kwa hiyo mkishapokea chakula sogeeni pembeni, waachieni nafasi wengine, na mmoja wenu arudi kutoa shukrani au kuagiza tena. Picha ya chakula chenu ni haki yenu. Picha ya muuzaji na kazi yake iombwe.

Kugawana kusiwe kuchanganya mate. Kila mtu atumie kijiko chake mwenyewe, na kwa kitu cha mchuzi au cha krimu kijiko kimoja cha kupakulia kibaki kuwa cha kupakulia tu. Mwenye mafua au aliyeharisha katika siku mbili zilizopita apewe chake peke yake, au abaki nyumbani. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kibanda cha kwanza, na tena baada ya kushika vitu vyenye mafuta. Vitakasa mikono vyenye alkoholi ya asilimia 60 au zaidi husaidia pasipo na maji, lakini havifanyi kazi ipasavyo kwenye mikono yenye mafuta au uchafu unaoonekana.

Mtoto anayekataa kitu kipya asilazimishwe. Woga wa chakula kigeni ni jambo la kawaida, hasa baina ya miaka 2 na 6, na mara nyingi mtoto huhitaji kukutana na chakula hicho hicho mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Hapa sahani moja ya wote huonyesha faida yake kubwa, kwa sababu kukataa kwake hakugharimu kitu. Wengine wataimaliza, naye amekiona, amekinusa, ameona watu anaowapenda wakikifurahia, na hiyo huhesabiwa kuwa mara moja. Binti yangu alikaa safari nne bila kukubali hata kugusa kitu chochote chenye nazi iliyokunwa. Safari ya tano alinyoosha kijiko bila mtu kumwambia, na mama yangu, aliyekuwa karibu naye, alikuwa na busara ya kutazama upande mwingine.

Muulize kila mmoja swali linalohitaji jibu la kweli, kama vile kinakwaruza au kinayeyuka, chumvi inakuja kabla ya sukari au baada yake, kinanukia nini kikiwa bado hakijafika mdomoni. Watoto wakizoea kuulizwa hivyo huacha kusema tu kwamba kitu ni kizuri au kibaya. Waacheni pia waongee na mpishi wenyewe. Swali linalofungua mazungumzo kuliko mengine, kwa uzoefu wangu, ni lile la kumuuliza mpishi alifundishwa na nani.

Zamu ya vitamutamu

Vitu vya chumvi na pilipili vitangulie, vitamu vifuate. Mpangilio huu una faida ya kiafya, kwa kuwa sukari inayoingia baada ya nyama, samaki, kunde au mboga hupanda katika damu polepole zaidi kuliko inayoingia tumbo likiwa tupu. Una faida ya ulimi pia. Ukali wa pilipili hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo hugusa kipokezi kile kile cha neva kinachohisi moto, na kwa kuwa haiyeyuki vizuri katika maji, mtoto aliyeungua mdomo na kunyweshwa maji huendelea kulia. Maziwa humsaidia zaidi, kwa sababu protini yake iitwayo kasini huiondoa kapsaisini ulimini. Kwa sababu hiyo kibanda cha aisikrimu au cha kitu chochote cha maziwa kikiwa jirani na kibanda cha pilipili, mmebahatika.

Vitamutamu vya kukaanga visisubiri. Ganda lake hukaa kavu kwa dakika chache tu, kisha mvuke wa ndani huufikia ukoko na kuulainisha, na shira iliyomiminwa juu huharakisha jambo hilo. Nunueni vinapotoka karaini, mvile mkiwa mmesimama. Lakini vyenye kujazwa ndani, iwe jamu, krimu au shira, vipasuliwe kwanza na kuachwa vipumue, kwa sababu ganda hupoa upesi ilhali kilicho ndani hubaki na moto mkali. Nililisahau hilo mara moja, nikampa mwanangu mdogo kitu ambacho kwa nje kilikuwa kimepoa kabisa mkononi mwangu, na jioni yetu iliishia hapo, yeye akilia na mimi nikimpa maji baridi ayashike mdomoni. Tangu siku hiyo kile kisu kidogo hakikosi mfukoni.

Kuhusu aisikrimu, tazameni umbo lake na mguse kwa ulimi. Iliyoyeyuka ikagandishwa tena huwa na chembe kubwa za barafu zinazokwaruza, uso wake huwa na theluji ya barafu, na kifungashio huwa kimejikunja au kunata. Hiyo ni dalili kwamba baridi ilikatika, na hakuna ajuaye ilikatika kwa muda gani. Kuna jambo jingine la kuwaonyesha watoto. Baridi hupunguza uwezo wa ulimi kuhisi utamu, kwa hiyo watengenezaji huongeza sukari ili ihisike. Waonje kijiko kimoja kikiwa kimeganda, kisha waonje kingine kilichoyeyuka kikawa cha vuguvugu, nao watashangaa kuona kwamba cha pili ni kitamu hata kinachosha.

Vyenye krimu mbichi, mayai mabichi au maziwa yasiyochemshwa vinunuliwe tu penye jokofu au barafu ya kutosha. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayekaa kwenye ngozi na puani mwa watu wengi, hupenda krimu iliyoshikwa kwa mikono na kuachwa katika joto, na sumu yake haiondolewi kwa kupashwa.

WHO inashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, jambo ambalo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ingependeza zaidi ikiwa nusu yake. Siku ya matembezi si siku ya kuhesabu kila punje, lakini kanuni ya kugawana huwaweka karibu na kipimo hicho bila hotuba. Palipo na jambo la kuwa mkali nalo ni vinywaji, kwa sababu soda au juisi yenye sukari hubeba sukari nyingi bila kumshibisha mtoto, tena hufuta ladha ya kitakachofuata. Sisi hunywa maji tu hadi kibanda cha mwisho.

Wanaohitaji jicho la ziada

Mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali wala kitu kilichotiwa asali, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli. Walio chini ya miaka 5 wasipewe karanga nzima, bisi, peremende ngumu, wala vipande vya duara vya soseji. Zabibu na vitu vya umbo hilo vikatwe kwa urefu. Waketi wanapokula. Nyama ya mshikaki iondolewe kwenye kijiti kabla haijamfikia mtoto, na kijiti kiende kwenye mfuko wa takataka moja kwa moja, kwa kuwa mtoto anayekimbia na kijiti mdomoni ni hatari isiyohitaji maelezo. Mtoto aliyezidi mwaka 1 akipaliwa, akawa hawezi kukohoa wala kutoa sauti, ainamishwe mbele na apigwe kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega, kisha abonyezwe tumbo kwa ndani na juu mara 5, mkirudia vitendo hivyo viwili kwa zamu hadi kitu kitoke, huku mtu mwingine akiita msaada. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1 tumbo halibonyezwi. Hupigwa mgongoni mara 5 na kubonyezwa kifua mara 5.

Mwenye mzio wa karanga, maziwa, mayai, samaki, ngano, soya au ufuta asitegemee jina la chakula. Muuzaji aulizwe mambo mawili: ndani mna nini, na mafuta au kijiko hiki kimegusa nini kingine leo. Karai moja linalokaanga vyote hubeba chembe kutoka kimoja hadi kingine. Katika familia yenye mtu kama huyo, yeye ndiye anayeonja na kupakuliwa kwanza, kabla ya vijiko vya wengine kuingia sahanini, na dawa yake ya dharura hukaa kwa mtu mmoja anayejulikana.

Mwenye kisukari hufaidika na vipimo vidogo na kutembea baada ya kula, maadamu anafuata maelekezo ya daktari wake. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu waepuke maziwa mabichi, nyama na samaki wasioiva na mayai mabichi.

Mkirudi nyumbani

Vitamutamu vikavu vya sukari na unga vinaweza kubebwa katika kile chombo chenye mfuniko. Vyenye maziwa, krimu au nyama vimalizwe pale pale, au viingie katika jokofu ndani ya saa 2.

Usiku ule au siku mbili tatu zinazofuata mtu akiharisha, jambo la kwanza ni maji na chumvi mwilini. Pakiti ya ORS ndiyo bora. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi yatiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, na anywe kidogo kidogo. Damu kwenye choo, homa kali, macho kubonyea, kukosa mkojo kwa saa nyingi au kushindwa kunywa ni mambo ya kwenda hospitali bila kusubiri asubuhi.

Kabla watoto hawajalala, chukueni daftari. Andikeni tarehe, saa mliyofika, kibanda kipi kilikuwa na mafuta safi, nani alikubali kuonja nini, na mpishi alisema alifundishwa na nani. Na kile kibanda ambacho foleni yake iliwashinda leo kiandikwe juu kabisa, ili safari ijayo muanze nacho mkiwa bado na nafasi.